Kivuli cha Kijiti, kutoka Kairo hadi Iftin

Mwaka 415 wa Hijria, yaani 1024 Miladia, mtaalamu mmoja wa Basra aliyekuwa akiishi Kairo alimaliza kunakili kwa mkono wake kitabu cha Apollonius wa Perga kuhusu mikato ya pia. Jina lake al-Hasan ibn al-Haytham. Walioandika habari za maisha yake wanasema kunakili ndiko kulikomlisha: kila mwaka alinakili vitabu vichache vya hisabati, akaviuza, akapata posho ya mwaka mzima. Nakala yake ya Apollonius haikupotea. Ipo Istanbul hadi leo, katika mkusanyiko wa Ayasofya. Kitabu cha nane cha Apollonius kilikuwa kimetoweka zamani, na Ibn al-Haytham hakukubali kuliacha pengo lile. Alijaribu kukiandika upya kwa kukisia yaliyokuwamo, akiongozwa na vile saba vilivyosalia.

Pia yenyewe haina makuu. Ni umbo la karatasi ambayo muuza karanga huisokota na kuijaza bidhaa yake. Ukiikata pia kwa kisu kilicholala sawasawa, ukingo wa mkato ni duara. Ukikiinamisha kisu kidogo, duara linarefuka na kuwa duaradufu. Ukiendelea kukiinamisha hadi kiwe sambamba na ubavu wa pia, mkato hauwezi tena kujifunga, unabaki wazi upande mmoja: hiyo ni parabola. Ukipita hapo, unapata haipabola, ambayo ina matawi mawili, kwa maana kisu kitaikata pia hii na pia nyingine iliyosimama juu yake, ncha kwa ncha.

Mgiriki Menaechmus aliifahamu mistari hii katika karne ya nne kabla ya Kristo, alipokuwa akitafuta namna ya kukuza mchemraba hadi ujazo wake uwe maradufu. Apollonius, aliyesoma Alexandria na kuandika karibu mwaka 200 K.K., ndiye aliyeona kwamba huhitaji kuiona pia ili kujua umekata kitu gani. Anzia kwenye kipeo cha mkato, pima umbali x kwenye mhimili, kisha pima y, nusu ya upana wa mkato mahali hapo. Kwa maandishi yetu ya leo, alichogundua ni hiki: kuna urefu fulani p usiobadilika, na mraba wa y unalinganishwa na px. Ikiwa y² = px, ni parabola. Ikiwa y² inapungua kuliko px, yaani y² = px − kx², ni duaradufu, na k inapokuwa 1 tunapata duara. Ikiwa y² inazidi, yaani y² = px + kx², ni haipabola. Yeye hakuwa na herufi wala alama hizo. Alizungumza kwa mistatili na miraba. Lakini hukumu ni ileile anayoitoa mwanafunzi leo kwa kutazama kama mbele ya x² pana kujumlisha, kutoa, au hakuna kitu.

Vitabu vinne vya kwanza vya Apollonius vimetufikia kwa Kigiriki. Cha tano, cha sita na cha saba vipo kwa Kiarabu tu, na hilo ni deni kwa nyumba moja ya Baghdad ya karne ya tisa. Muhammad, Ahmad na al-Hasan, wana wa Musa bin Shakir, walikuwa na mali, walikuwa na ukaribu na makhalifa, na walikuwa na ulafi wa vitabu. Hilal al-Himsi aliwafasiria vinne vya mwanzo. Kwa vile vigumu vilivyofuata walimtegemea Thabit ibn Qurra, mtu wa Harran aliyekuwa mbadilisha fedha. Inasimuliwa kwamba Muhammad alikutana naye akiwa njiani kurudi kutoka nchi ya Warumi, akavutiwa na wepesi wa lugha zake, akamchukua. Thabit akawa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zake, jambo linalonifanya niwatazame wabadilisha fedha wa mipakani kwa heshima zaidi. Katika Kiarabu mikato mitatu iliitwa pungufu, sawa na zaidi, kufuata hukumu ya Apollonius.

Sasa, Thabit hakuishia kufasiri. Aliandika pia kuhusu saa za jua. Mjukuu wake, Ibrahim ibn Sinan, aliyefariki mwaka 946 kabla ya kufikisha miaka 40, aliandika namna ya kuchora mikato ya pia nukta kwa nukta, na akaandika kuhusu saa za jua vilevile. Abu Sahl al-Quhi alieleza bikari ya pekee, yenye mguu unaorefuka na kufupika, inayoweza kuchora mkato wowote wa pia. Al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya vivuli. Mwaka 1371 Ibn al-Shatir alisimika saa yake ya jua kwenye mnara wa Msikiti wa Umawiyya, Damascus, ikiwa imechongwa mistari iliyopinda. Wote hao walikuwa wakizunguka jambo moja. Jua, katika mwendo wake wa siku, linauzungusha mwale unaopita kwenye ncha ya kijiti, na mwale huo unafagia pia. Ardhi tambarare inaikata pia hiyo. Kwa hiyo ncha ya kivuli, kuanzia asubuhi hadi jioni, inachora mkato wa pia chini.

Mkato gani? Inategemea umesimama wapi.

Simama Iftin, mojawapo ya wadi nne za Garissa Mjini, Kenya. Mji uko kwenye nusu digrii hivi kusini ya Ikweta. Mstari wenyewe unapita kilomita 50 kaskazini. Chomeka kijiti cha mita moja wima mahali tambarare, na hapa nchi tambarare haitafutwi. Acha x iwe umbali wa ncha ya kivuli kuelekea mashariki au magharibi, na y umbali wake kuelekea kaskazini au kusini, kwa mita. Kwenye Ikweta kamili, siku ya Juni 21, jua likiwa limefika mwisho wake wa kaskazini, digrii 23.44, ncha ya kivuli inafuata mlinganyo huu:

y² / 0.188 − x² = 1

Miraba miwili, mmoja unajumlishwa, mwingine unatolewa: haipabola. Ile 0.188 ni mraba wa tanjenti ya digrii 23.44, na kipeo cha mstari kiko sentimita 43 kusini ya kijiti, mahali kivuli kinapofika adhuhuri. Garissa, kwa sababu ya ile nusu digrii, Juni kivuli cha adhuhuri ni sentimita 44 kuelekea kusini, na Desemba ni sentimita 42 kuelekea kaskazini. Asubuhi na jioni ncha inakimbilia mbali, kama haipabola zote zinavyokimbia bila kujifunga.

Kuna kitu katika mlinganyo huo ambacho ni rahisi kukipita. Haipabola ina matawi mawili, na kivuli cha Juni kinachora moja tu. Tawi la pili liko wapi? Liko upande wa kaskazini wa kijiti, na kivuli hulichora Desemba 21. Kwa kuwa y imepandishwa kuwa mraba, mlinganyo hauulizi kama jua liko kaskazini au kusini; umezibeba siku zote mbili, moja kwa kila tawi.

Kati ya Juni na Desemba matawi yanasogeleana. Mwishoni mwa Septemba, na tena katikati ya Machi kuelekea mwisho wake, haipabola inanyooka na kuwa mstari mmoja kutoka magharibi hadi mashariki, na adhuhuri kijiti hakina kivuli. Garissa hilo hutokea kama Machi 19 na Septemba 24. Mfugaji hatahitaji kuambiwa maana ya tarehe hizo. Ukanda wa mvua hulifuata jua la utosini kwa kuchelewa wiki chache, na baada ya Machi huja gu, baada ya Septemba huja deyr, misimu miwili ya mvua kwa Kisomali. Aprili na Novemba ndiyo miezi yenye mvua kuliko mingine hapa, ikiwa mvua imekubali kunyesha. Wajuzi wa Kisomali wa majira walizitegemea zaidi nyota kuliko vijiti, na Musa Galaal aliyakusanya mengi ya maarifa yao katika maandishi aliyoyatoa Mogadishu mwaka 1968. Lakini jua na nyota zinahesabu mwaka mmoja.

Hesabu ya saa nayo huku ina wepesi wake. Saa za jua za kale ziliugawa mchana katika sehemu 12, ziwe ndefu kiangazi na fupi baridi. Kwetu mchana hautofautiani sana na saa 12 mwaka mzima, na ndiyo maana saa ya Kiswahili inaweza kuanza kuhesabu jua linapochomoza bila kumtia mtu hasara. Tofauti iliyobaki ni ya saa ya ukutani. Kenya inafuata saa ya longitudo 45, na Garissa iko karibu digrii 39.6, basi jua linachelewa kufika utosini kwa dakika 21 kwa wastani. Ukiongeza kasoro za mwendo wa dunia yenyewe, adhuhuri ya kweli Garissa huangukia saa sita na dakika 5 mwanzoni mwa Novemba, na saa sita na dakika 36 katikati ya Februari. Mandera, iliyo mashariki zaidi, hutangulia kwa dakika 9 hivi.

Alasiri ndiyo yenye hisabati tamu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Wasomali na ya watu wa pwani, wakati wa alasiri unaingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu hicho, baada ya kuongeza kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Asiye na kijiti aliupima mwili wake: urefu wa mtu huhesabiwa kuwa nyayo zake sita na nusu au saba. Hebu tuyaandike masharti hayo kwa milinganyo. Ncha ya kivuli iko kwenye haipabola ya siku hiyo. Alasiri inaingia ncha inapougusa mzingo wa duara lenye kitovu chini ya kijiti, na nusu kipenyo chake ni urefu wa kijiti pamoja na kivuli cha adhuhuri. Kwa Juni, kwenye Ikweta, duara hilo ni x² + y² = 2.055. Mikato miwili ya pia imekutana, na nukta ya kukutana ni wakati wa kuswali. Fanya hesabu: x ni mita 1.25, nayo ni sawa na saa tatu na dakika 25 hivi baada ya adhuhuri. Machi, kivuli kikiwa mstari mnyoofu, nukta iko mita moja mashariki ya kijiti, na ni saa tatu kamili baada ya adhuhuri. Omar Khayyam, aliyeandika algebra yake katika miaka ya 1070, alitatua milinganyo ya kipeo cha tatu kwa njia hiihii ya kukutanisha mikato miwili. Sidhani kuna mwadhini aliyemhitaji Khayyam ili apande mnarani, na bado kazi yao ilifanana.

Ulaya iliupata ufundi huu kwa kuchelewa, kisha ikaukimbiza. Jacob Golius alirudi Leiden mwaka 1629 na shehena ya hati za Kiarabu, Apollonius akiwamo. Vitabu vya tano hadi saba vilichapishwa kwa Kilatini Florence mwaka 1661, na Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alijifunza Kiarabu na kutoa toleo lake la Oxford mwaka 1710. Kati ya hapo algebra ilikuwa imekwisha kugeuza mambo. Fermat, karibu mwaka 1636, alionyesha kwamba kila mlinganyo wa kipeo cha pili wenye x na y, ukisafishwa, hutoa mstari, duara au mkato mwingine wa pia. Descartes alichapisha jiometri yake mwaka 1637. John Wallis, mwaka 1655, aliieleza mikato kama milinganyo mitupu, bila kuitaja pia ila kwa adabu. Kilichobaki darasani ni kanuni fupi. Andika mlinganyo kama Ax² + Bxy + Cy² na yaliyobaki, kisha kokotoa B² − 4AC. Ikiwa chini ya sifuri, ni duaradufu au duara; ikiwa sifuri, parabola; ikiwa juu ya sifuri, haipabola.

Tuirudishe kanuni hiyo kwenye kijiti, sasa popote duniani. Mlinganyo wa jumla wa ncha ya kivuli una x² iliyozidishwa kwa mraba wa saini ya digrii za jua kutoka Ikweta. Una y² iliyozidishwa kwa namba hiyohiyo baada ya kutoa mraba wa kosaini ya latitudo yako. Xy haimo. Kila kitu kimo katika alama ya ile namba ya pili. Garissa, kosaini ya latitudo inakaribia 1, kwa hiyo namba ni hasi, na mkato ni haipabola kila siku jua linapokuwa nje ya Ikweta. Ndivyo ilivyo pia Nairobi, Makka, London na Minneapolis. Panda hadi latitudo 66.56 kaskazini, Juni 21: namba inakuwa sifuri, kivuli kinachora parabola. Pita hapo hadi Tromsø, Norwei, ambako kuna Wasomali na msikiti wao: namba inageuka chanya, jua halizami, na kivuli kinakizunguka kijiti kwa duaradufu iliyofungwa. Alasiri inapatikana, lakini magharibi haiji, na Waislamu wa huko wamekuwa wakifuata saa za Makka katika majuma hayo. Kwenye ncha ya dunia yenyewe kosaini ni sifuri, namba mbili zinalingana, na mkato ni duara.

Mwanafunzi akikosea kuelekeza kibao chake kaskazini, kwa mfano akiiamini dira ya simu, xy itajitokeza katika mlinganyo. Asihofu: B² − 4AC haibadiliki kwa kuzungusha kibao. Ahofu siku ambayo jua liko juu ya Ikweta. Siku hiyo kanuni inatoa sifuri, na mwenye kukariri ataandika parabola, ilhali kivuli kimechora mstari mnyoofu. Mlinganyo umeporomoka ukawa mraba wa mstari mmoja. Kanuni inatambua aina. Haitambui kama mkato umebaki mzima. Kama ningetunga mtihani, ningeanzia hapo.

Mikato hii ilirudi Kenya kwa mlango wa bahari. Mto Tana unaopita Garissa unaingia baharini Kipini, katika Ghuba ya Ungwana, na kusini katika ghuba hiyo, karibu na Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la San Marco na kurusha setilaiti kuanzia mwaka 1967. Desemba 12, 1970, sikukuu ya Jamhuri, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei ya angani, na Marjorie Townsend aliyeusimamia mradi akaipa jina Uhuru. Ilizunguka kila dakika 96, kati ya kilomita 520 na 560 juu ya ardhi, bila kutoka zaidi ya digrii 3 kando ya Ikweta, kwa hiyo anga ya Garissa ilikuwa njia yake. Njia hiyo ni duaradufu. Lakini ukiandika mlinganyo wake, nusu mhimili mrefu unafikia karibu kilomita 6,918, na ule mfupi unapungukiwa na mita 30 tu. Hakuna jicho litakaloliona hilo kwenye mchoro. Mlinganyo peke yake ndio unaosema si duara.

Katika silabasi ya Kenya ya 8-4-4 mwanafunzi wa sekondari alikutana hasa na duara katika jamaa hii. Kidato cha tatu alipewa, tuseme, x² + y² − 6x + 4y − 12 = 0, akakamilisha miraba hadi (x − 3)² + (y + 2)² = 25, akasoma kitovu na nusu kipenyo cha 5, akafunga daftari. Kaskazini Mashariki hata hicho kidogo kilihitaji mwalimu. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa na watu 28 wakauawa, walimu wengi wakiwamo. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, chuo kikuu cha kwanza cha umma katika eneo hili. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC) ikawaondoa walimu wasio wenyeji. Miongoni mwa walioondoka walikuwamo wa hisabati na sayansi. Siwalaumu. Ila naona ajabu kwamba somo lililobebwa na Kiarabu kwa karne nyingi, na kujaribiwa kila siku kwenye uwanja wa kila msikiti, liwe limehesabiwa hapa kuwa somo la kuletwa na wageni.

Waadhini wengi sasa hutazama simu. Ndani ya simu mna mlinganyo uleule, pamoja na swali moja ambalo programu humwachia mwenye simu achague, yaani madhehebu yake: Shafi au Hanafi. Kwa Hanafi nusu kipenyo cha lile duara ni urefu wa kijiti mara mbili, na kivuli cha adhuhuri juu yake. Machi 20 mjini Garissa, chaguo la Shafi litatoa alasiri saa tisa na dakika 29 hivi; la Hanafi, saa kumi na dakika 43.